Matanga Yasiyo na Maiti

Jua la kwanza la maana likitoka London, watu hupata wazimu, na mimi huwa wa mbele. Sisemi lile jua la Februari linalokuja kukucheka dirishani huku vioo vya magari vimeganda barafu. Nasema jua lenyewe, la mwezi wa nne, linaloikuta miti ya micheri imeshachanua njia nzima, nyeupe kwa waridi, kana kwamba mtu kapita akimwaga bisi. Siku hiyo wanaume wa Kizungu huvua mashati barabarani. Miguu ambayo haijaonana na mwanga tangu mwaka jana hutoka nje kwa kaptura, bila haya wala salamu. Foleni ya aiskrimu hufika kona ya pili. Na mimi natupa koti kabatini, nashusha mikeka kutoka darini, natuma ujumbe mmoja tu kwenye kundi letu la simu: "Jumapili. Mandari. Pilau juu yangu. Asiyekuja asije kuninunia."

Kwetu Tanga mwezi wa nne ni masika, mtu hukaa ndani akasikiliza bati linavyopigwa na mvua. Huku mambo yamegeuka, mwezi huo ndio wa kutoka, nami nilishalizoea geuzo hilo kwa moyo wote. Mandari zangu zina sifa mjini. Mwaka mmoja bata bukini alitoka ziwani kama mwenye kualikwa, akachagua sambusa, akaondoka nayo, na aliyejaribu kumfukuza ndiye aliyeishia kufukuzwa. Mwaka mwingine ilitunyeshea mvua ya mawe, tukala pilau chini ya mikeka badala ya juu yake, tukicheka mpaka chai ikatutoka puani. Watu hunisema kuwa sijui kukaa kitako. Kweli, sijui. Nikikaa kitako naumwa.

Lakini mwaka ninaousimulia sikuandaa mandari kwa wazimu tu. Nilikuwa na shabaha. Mama yangu alikuwa kwangu, na alitaka kuondoka.

Baba alifariki mwaka uliotangulia. Siku ile mama alikuwa kwa jirani kwenye shughuli ya harusi, amekaa na wenzake wanachambua mchele na kusutana. Akaja mtoto wa kaka yake, akasimama mlangoni, akasema, "Shangazi, twende nyumbani mara moja." Hakuongeza neno. Kwetu habari ya kifo haisemwi njiani wala kwenye simu. Mtu huitwa, huletwa taratibu, hukuta watu wameshajaa na wa kumshika wapo, ndipo huambiwa, na aghlabu kwa wakati huo ameshajua. Mama alifika akakuta mikeka imetandikwa uani, wanaume wamekaa kando kimya, na wanawake wote wakasimama walipomwona. Hakuna aliyehitaji kufungua mdomo.

Alipomaliza eda, mimi na kaka yangu tukashauriana, nikamleta London apumzike. Nikamleta Januari! Mtu mzima na akili zangu, nikamtoa mama yangu kwenye joto la Tanga nikamleta kwenye friza. Aliingia kwetu Rayners Lane akalitafuta lile radieta la kupasha joto sebuleni, akavuta kiti karibu nalo, na hapo ndipo alipofanya makao. Yule mzee wa Kihindi mwenye duka karibu na stesheni, mzaliwa wa Kisumu, alikuwa akinipa salamu kila nikipita: "Mwambie mama mihogo imefika, aje achague mwenyewe." Mama alikuwa akijibu, "Mwambie nimesikia." Hakwenda. Hata Idd tuliila ndani, mvua inapiga kioo.

Baridi ningeivumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni ule ukimya. Mama yangu ni mwanamke aliyekuwa akicheka mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna nini. Binti yangu alipozaliwa, baba alimpa utani wa mababu, akamwita "mke wangu mdogo", na mama akalidaka papo hapo akamwita "mke mwenza". Basi kila tukipiga simu nyumbani ilikuwa ni ugomvi wa uongo: "Mke mwenza, umemwiba mume wangu! Mke mwenza, wewe hujui hata kupika, mume atakula nini?" Na mtoto anacheka mpaka analala chini. Baba alipoondoka, utani ule ukazikwa naye. Mama alikuwa akimwita mtoto kwa jina lake, kwa upole, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Mwanzoni mwa mwezi wa nne akaniambia, "Mwanangu, nitafutie tiketi ya wiki ijayo. Nimekuwa fenicha hapa."

Nyumba ya Tanga haikuwa na mtu. Kaka yangu kazi yake iko Dodoma, na mama Dodoma haitaki, anasema vumbi lake halina adabu. Angerudi kukaa peke yake na kile chumba. Niliogopa, nasema kweli. Nilijua akipanda ndege na uso ule, nami nitampoteza, polepole, simu kwa simu. Kwa hiyo nikamwambia "Inshallah mama, natafuta," kisha nikaingia jikoni nikafunga mlango, nikampigia rafiki yangu.

Huyu rafiki yangu ni mama wa Bukavu, tunafanya kazi pamoja ya kutunza wazee, na ana moyo laini kuliko siagi ya jua. Nikamweleza kwa kunong'ona: Jumapili kutakuwa na jua. Mama nikimwambia ni mandari atasema kichwa kinamuuma. Basi asiambiwe. Aletwe tu, akute watu, chakula, maua. Akicheka hata mara moja, atabaki mpaka kiangazi. "Mi nitapika na wewe," akasema, "tutapikia kwangu, mama asisikie harufu."

Wiki ile yote nilikuwa mtu wa siri. Nikiwa kwenye simu mama akaingia, nakata. Akiniuliza nilikuwa nikisema na nani, najibu, "Watu wa kazini." Natoka jioni narudi na harufu ya kitunguu. Mume wangu naye akawa anatembea kwa ncha za vidole na kutabasamu ovyo. Kaka yangu ndiye aliyenipa wasiwasi, maana hajui kuficha kitu. Utotoni akiiba sukari alikuwa anakwenda kujisema mwenyewe kabla haijayeyuka mdomoni. Nikamwamuru kuanzia Ijumaa asipokee simu ya mama hata kidogo, mpaka Jumapili tukishakaa bustanini, hapo atupigie kwa video amwamkie mbele za watu. Mama akampigia Ijumaa. Akampigia Jumamosi asubuhi na jioni.

"Kaka yako hapokei," akaniambia.

"Labda simu haina chaji, mama," nikajibu, nikijishughulisha na soksi za mtoto. Sikuthubutu kumtazama, nilikuwa karibu kuangua kicheko.

Asubuhi ya Jumapili jua likatoka kama lilivyoahidi. Nilimwekea mama kitandani dera jipya la manjano, nililomnunulia Southall, zito kiasi, lenye nakshi kifuani. "Vaa, mama," nikamwambia, "tunakwenda mahali mara moja."

Akaniangalia kwa muda. "Mahali gani?"

"Utaona tukifika."

"Kuna watu?"

"Wachache tu."

"Wametoka mbali?"

"Wengine wametoka Reading," nikasema kwa fahari.

Akatikisa kichwa taratibu, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa buibui lake jeusi, tasbihi mkononi, na khanga kuukuu ameikunja kwapani. Nikapandwa na hasira, jamani! Dera la manjano nimemwekea kitandani na mtu kachagua jeusi! Nikasema moyoni, mama huyu amekusudia kuniharibia siku. Lakini nikanyamaza, maana mama ni mama.

Gari alikuwa nalo mume wangu, limejaa masufuria na mikeka, ametangulia. Sisi watatu tukapanda basi. Mama akakaa dirishani, binti yangu katikati, mimi ukingoni na mfuko wa vikombe miguuni nimeufunika kwa koti. London yote ilikuwa nje inacheka. Mama alikuwa akivuta tasbihi. Mara akatoa kipande cha mkate alichokifunga kwenye leso, akaninyooshea kwa juu ya kichwa cha mtoto.

"Kula."

"Nimeshiba, mama."

"Kula, mwanangu. Utahitaji nguvu."

Nikaona ni huruma ya mama tu, nikala. Kisha akamwinamia mjukuu wake akamuuliza kwa sauti ndogo, "Tunakwenda wapi?"

Binti yangu ana miaka minane. Kiswahili anakisikia chote, hasa kile cha kunong'onwa, ila kujibu hujibu kwa Kiingereza. Akamjibu bibi yake kwa Kiingereza chake hicho kwamba haruhusiwi kusema, maana mama amesema bibi akijua atalia. Nilikuwa nimesema atalia kwa furaha. Hiyo furaha mtoto aliiacha nyumbani.

Mama akafumba macho. Mkono wake ukavuka mapaja ya mtoto ukaja ukanishika kidole gumba, ukakishika hivyo hivyo mpaka tukashuka. Nami nikatabasamu peke yangu kama zuzu, nikiwaza, mambo yameanza kumkolea.

Sasa nieleze bustani ilivyokuwa. Ni bustani kubwa upande wa Harrow, ina mteremko na safu ya micheri juu yake, na siku ile ilifurika. Wazungu wamelala kwenye mablanketi, watoto wanakimbizana na mbwa, kijana mmoja kaweka muziki. Na chini ya mti mkubwa kuliko yote, ndio sisi. Mikeka imetandikwa. Wanawake wamejifunga khanga, wamekaa chini miguu wamenyoosha. Masufuria makubwa yamefunikwa kwa mablanketi. Wanaume wamekaa kando kwenye viti vya plastiki, kama kawaida yao, maana hawataki kutumwa.

Na mimi, mimi mwenyewe kwa vidole vyangu hivi, nilikuwa nimewaandikia kwenye simu: "Mama ana presha. Akitokea msipige kelele. Simameni tu, mumtazame kwa upole."

Kwa upole! Mungu anisamehe.

Tulipofika juu ya mteremko wakatuona. Soga ikakatika. Wanawake wote wakasimama, mmoja mmoja, kimya. Wanaume kwenye viti vyao wakainamisha vichwa. Rafiki yangu wa Bukavu akaja mbele mikono ameifumbua, macho yameshalowa kwa jinsi alivyoona jambo lenyewe linapendeza. Nesi mmoja wa Mombasa, mwenye sauti ya kubembeleza wagonjwa, akasema, "Karibu, mama. Kaa kwanza."

Mama akasimama. Akaifungua ile khanga, akajifunga kiunoni, akakaza fundo.

"Sikai," akasema. "Niambieni nikiwa wima. Ni nani?"

Watu wakatazamana, hakuna aliyeelewa.

"Ni mwanangu?" akasema. "Ni mwanangu wa Dodoma? Niambieni!" Na kabla mtu hajapata neno, akaachia yowe ambalo sijapata kulisikia kwa mama yangu, hata siku ya baba. "Mwanangu weee! Mwanangu!" Akaanguka kifuani kwa rafiki yangu.

Rafiki yangu angefanya nini? Mtu amekuangukia kifuani analilia mwanawe. Akadhani mama amepigiwa simu kwenye basi, amepata habari mbaya njiani. Naye akapaza sauti: "Maskini mama! Maskini! Lia tu mama, tuko na wewe!" Wanawake wa Mombasa kusikia hivyo wakaanza "Inna lillahi". Khanga zikapanda vichwani. Wanaume wakainuka kwenye viti, wakanyanyua mikono, mmoja akaanza dua. Mume wangu, aliyetandika mikeka ile kwa mikono yake mwenyewe, naye akanyanyua mikono.

Na mimi? Nisiseme uongo. Akili yangu ilitoka ikaenda zake. Nilimtazama mama nikajiuliza, amejuaje? Labda amepigiwa simu nikiwa bafuni. Ndiyo maana kavaa nyeusi! Ndiyo maana alinilisha mkate! Na kaka mbona jana usiku hakunijibu ujumbe wangu? Nikaona kila kitu wazi. "Kaka yanguuu!" nikapiga ukelele, nikakaa kitako kwenye majani, nikajipiga mapaja. Vikombe vikamwagika vikaserereka mteremkoni.

Bustani nzima ikanyamaza. Kijana wa muziki akauzima. Mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akipita na mbwa wake akasimama, akavua kofia, akaishika kifuani. Mama mmoja akainuka kwenye blanketi lake akaja kwa hatua za taratibu, akaweka bakuli la stroberi ukingoni mwa mkeka wetu, akarudi nyuma. Na maua yale ya cheri yakawa yanaanguka, yanatutua vichwani na mabegani, huku tunalia, Ee Mola, tunalia kwelikweli.

Binti yangu alikuwa amesimama katikati ameshika boksi la keki. Akageuka kwa huyu, akageuka kwa yule. Halafu akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja:

"Kwani nani amekufa?"

Vilio vikashuka kidogo. Nikamwangalia rafiki yangu. Rafiki yangu akamwangalia nesi. Nesi akamwangalia mama. Mama akaniangalia mimi.

"Si ndiye kaka?" nikasema.

"Nani alikwambia?" akauliza mume wangu, mikono bado iko juu.

"Mama kasema."

"Mimi sijaambiwa na mtu," akasema mama. "Nimeona tu."

"Mi nilizani wewe unajua!" rafiki yangu akaniambia. "Sasa tulikuwa tunamulilia nani?"

Hapo simu yangu ikaita ndani ya mfuko wa vikombe. Binti yangu akaweka keki chini, akaitoa, akabonyeza. Kioo kizima kikajaa uso wa kaka yangu, amevaa kanzu na kofia yake ya Idd, anachekelea masikio kwa masikio. "Mamaaa! Shikamoo! Mandari njema!" Kisha akatuona. Tabasamu likamtoka. "Heee! Mbona mnalia? Nani amekufa?"

Mama akainyakua simu kwa mikono miwili.

"Wewe," akasema.

"Mimi?"

"Uko hai?"

"Niko hai, mama. Niko Dodoma."

"Mkeo?"

"Huyu hapa, anakaanga samaki."

"Watoto nionyeshe."

Akaonyeshwa watoto, mmoja pipi imemganda mdomoni. Mama akawatazama wote kwa zamu, akamrudishia mjukuu simu bila kuaga, akanigeukia.

"Basi ni nani?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna vipi? Mikeka hii je? Hawa waliotoka Reading?"

"Ni mandari, mama. Tumekuja kula na kutazama maua."

"Maua?" Akanyanyua macho. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kutazama juu tangu aingie London. Akayaona yale matawi yote, na mbingu ya bluu nyuma yake. Akatazama kwa muda mrefu, machozi bado yako kidevuni. Kisha akafungua khanga kiunoni, akaikunja mara mbili, akanijia.

Nilichapwa, ndugu zangu. Mama wa mtoto, mwenye kazi yake na funguo zake, nilichapwa kwa khanga hadharani mjini London. Kila kipigo na neno lake. "Twende! Mahali! Mara moja! Mtoto! Huna! Adabu! Utaniua! Kwa! Maua!" Nikakimbia kuzunguka mti, naye nyuma yangu, miguu ile niliyodhani imeganda kumbe ilikuwa imejiwekea akiba. Mzee wa mbwa akavaa kofia, akaona mambo hayajatulia, akaivua tena.

Na katikati ya mzunguko wa pili nikakisikia. Kicheko cha mama huanzia puani, kama mtu anayezuia chafya. Kisha kinashuka kifuani, kisha tumboni, na kikifika tumboni hakuna wa kukizuia. Akaegemea mti. Akateleza chini pole pole mpaka mizizini, khanga mdomoni, mabega yanatetemeka. "Niko Dodoma," akasema akihema. "Nauliza mtu uko hai, ananijibu niko Dodoma!" Na sisi wote tukaenda. Rafiki yangu alibiringika kwenye mkeka mpaka akalivuruga bakuli la stroberi. Nesi wa Mombasa alishindwa kupumua, akawa anajipima mapigo mwenyewe. Mume wangu alitembea mpaka mti mwingine akaukumbatia. Wazungu wa mablanketi, ambao hawakuwa wameelewa kilio, hawakuelewa na kicheko pia, lakini kicheko walitusaidia.

Ndipo tukala. Pilau ilikuwa bado ya moto, asante kwa yale mablanketi, na kachumbari ilikuwa kali kama nilivyoikusudia. Tulimpelekea sahani yule mama wa stroberi na yule mzee na mbwa wake. Watu walimzunguka mama, kila mtu akisimulia alikuwa akimlilia nani, maana ikaja kudhihirika kwamba kila mmoja alikuwa na maiti wake. Nesi alikuwa akinililia mimi, hali ananiona! Mama alikuwa akifuta machozi na kuomba asimuliwe tena. Akavua buibui kwa joto. Lo, ndani alikuwa amevaa lile dera la manjano. Aliniambia baadaye kwamba alilivaa kwa kuwa nilimnunulia, akalifunika kwa kuwa alidhani ni msiba.

Kisha akapaza sauti, "Mke mwenza! We mke mwenza! Umekaa na keki yako huko, mwenzio huku sina hata soda. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana?"

Binti yangu akageuka taratibu. Tangu babu yake afe hakuwa ameitwa hivyo. Akaja mbio, akamrukia bibi yake mapajani na keki yake, na nyama ya pilau ikaruka. Nikajifanya natafuta chumvi.

Alasiri jua lilipolegea, watu wakawa wamelala mikekani kwa shibe, nikajongea karibu na mama. Alikuwa akiokota maua yaliyoangukia nywele za mtoto. Akaanza kusema bila kunitazama.

"Kwenye basi niliwazika nyote," akasema. "Nilianza na kaka yako. Nikasema, ikiwa ni yeye nitafanyaje? Nikaja kwa mkewe. Nikaja kwa watoto, mmoja mmoja. Nikaja kwa dada zangu. Wewe nilikuona upo, nikakushika kidole. Nikasema, huyu angalau ninaye."

"Nisamehe, mama."

"Nyamaza, sijamaliza. Siku ya baba yako niliitwa hivi hivi. Mikeka hivi hivi, watu wamesimama hivi hivi, nikakuta kweli amelala. Leo nimeitwa, nimekuta nyote mko wima, na pilau juu." Akapuliza ua moja likaruka kutoka kiganjani mwake. "Mtu amefufuliwa watu wote kwa siku moja, halafu wiki ijayo apande ndege? Aende kumtazama nani?"

Nikamwinamia sikioni, nikamnong'oneza kwamba basi tiketi sitaitafuta, tutazungumza kiangazi kikiisha.

Akanipiga kofi la bega. "Usininong'oneze!" akasema. "Nimechoka na minong'ono yako. Simama useme kwa sauti, watu wote wasikie."

Nikasimama juu ya mkeka, nikaweka mikono mdomoni, nikapiga ukelele mpaka chini ya mteremko: "Mama haondokiii!" Watu wetu wakapiga vigelegele. Na yule mzee wa Kizungu, ambaye kwa saa nzima alikuwa akijaribu kuamua la kufanya na kofia yake, akairusha juu.